Stesheni Si Mahali pa Kupandia Tu

Ipo kauli moja ambayo nimeisikia mara nyingi tangu nilipostaafu, nami leo nataka kuipinga waziwazi. Kauli yenyewe ni hii: kwamba stesheni ya treni ni mahali pa kupandia na kushukia, basi, na kwamba mtu anayeuliza ilijengwa lini, na nani, na kwa nini iko hapa badala ya pale, anapoteza wakati wake na wa wenzake. Mara ya mwisho niliisikia barazani, huku kaskazini ya Mafia, kinywani mwa kijana wa ndugu yangu aliyekuja likizo kutoka Dar es Salaam. Nilikuwa nikimweleza jinsi stesheni ya TAZARA ilivyowekwa pale ilipo. Akanisikiliza kidogo, kisha akasema kwa adabu yote, "Baba mkubwa, uniwie radhi, lakini haya ya stesheni yanatusaidia nini? Mtu anakata tikiti, anapanda, anakwenda zake. Tena wewe hapa kisiwani hata reli huna."

Wazee wenzangu walicheka, nami nikacheka nao. Lakini usiku sikupata usingizi mzuri, kwa sababu kauli ile niliwahi kuisema mimi mwenyewe, tena kwa ukali, na kuna mtu aliyeilipia gharama. Nitafika huko. Kwanza nianze na hili la kutokuwa na reli.

Ni kweli Mafia hatuna reli. Tulicho nacho ni mnara wa taa wa Ras Mkumbi, uliojengwa na Wajerumani mwaka 1892 kwenye ncha ya kaskazini ya kisiwa. Watu wa Bweni wanaufahamu tangu utotoni, wanauonyesha kwa wageni, lakini haukujengwa kwa ajili yao. Mvuvi wa Bweni anaijua miamba yake kwa kina cha maji na kwa rangi yake. Hahitaji taa kumwambia kwake ni wapi. Mnara ule ulijengwa kwa ajili ya meli zinazopita, na wengi waliomo humo hawajui jina la kijiji chetu. Sisemi hivyo kwa kulaumu. Taa ya bahari kazi yake ni kumsaidia mpita njia, na ikimsaidia imetimiza wajibu.

Lakini stesheni si mnara wa taa. Stesheni imewekwa katikati ya watu. Ikijengwa kwa kumfikiria mpita njia peke yake, na mwenyeji akasahauliwa, basi imefanya nusu ya kazi yake. Hoja yangu yote katika kurasa hizi ni hiyo. Stesheni zetu kubwa zilijengwa kwa ajili ya kitu kinachopita: shehena, shaba, pamba, msafiri wa mbali. Ni wajibu wetu sisi tuliorithi kuzigeuza ziwe za mkaazi pia. Na hatuwezi kukigeuza kitu tusichojua kwa nini kilikaa kilivyokaa.

Tuchukue mji wa Dar es Salaam, kwa kuwa ndio mji ambao mtu wa Mafia hana budi kupita akienda popote. Wajerumani walianza kujenga reli ya kati mwaka 1905 kutoka pale. Mwaka 1907 ilikuwa imefika Morogoro, mwaka 1912 Tabora, na mwaka 1914 Kigoma, kwenye Ziwa Tanganyika. Stesheni yake iliwekwa karibu na bandari, na sababu yake haihitaji elimu kubwa: reli ililetwa ili kuichota mali ya bara na kuimimina melini. Ukisimama pale na kuangalia, utaona reli, maghala na maji viko karibu karibu. Mji wenyewe ulikuwa mdogo wakati huo, kwa hiyo stesheni ya shehena ikawa pia stesheni ya watu. Wakazi wakaiita Stesheni, bila ya jina la pili, kwa kuwa haikuwapo nyingine. Jina hilo limebaki mpaka leo. Mwambie utingo wa daladala "nishushe Stesheni," atakushusha pale.

Sasa tuje kwenye ya pili. Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wa wachache, na Zambia, ambayo shaba yake ilikuwa ikipita kusini, ikajikuta imeshikwa koo. Nchi za Magharibi ziliombwa kugharimia reli ya kwenda Dar es Salaam, zikasema haina faida. China ikakubali. Mkataba ulitiwa saini mwezi Septemba 1967, ujenzi ukaanza Oktoba 1970, na mwezi Julai 1976 reli ikakabidhiwa kwa nchi mbili: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, kwa mkopo usio na riba. Tuliiita Reli ya Uhuru, na wala halikuwa jina la kujipamba. Kule Gongo la Mboto yapo makaburi ya Wachina waliokufa wakiwa hapa nchini katika kazi za namna hiyo, na anayetaka kujua gharama ya uhuru aende akayatazame.

Reli hiyo haikuletwa mpaka kwenye stesheni ya zamani. Stesheni yake ilijengwa nje ya mji, kando ya barabara ya Pugu, ambayo sasa ni Barabara ya Nyerere, pale inapokutana na Barabara ya Mandela, takriban kilomita 6 kutoka katikati ya mji. Na hata kama reli mbili hizo zingekutana, treni za huku zisingeweza kupita kule. Reli ya Wajerumani ina upana wa milimita 1,000. Ya TAZARA ina milimita 1,067, ili ilingane na reli za Zambia na za kusini mwa Afrika. Tofauti ni milimita 67, kama vidole vinne vya mtu mzima. Kwa vidole vinne hivyo, behewa la huku haliingii kule, na mzigo lazima ushushwe na kupakiwa upya. Kituo cha kuhamishia shehena kati ya reli hizo mbili kilipatikana Kidatu mwaka 1998, miaka 22 baada ya TAZARA kukabidhiwa.

Tazama pia jinsi stesheni ya TAZARA ilivyopangwa. Mbele kuna uwanja mpana unaoelekea barabarani. Kisha jengo lenyewe, kubwa, la zege, lililonyooka, lenye ukumbi wa dari ya juu, ambamo sauti ya mtu mmoja inapotea. Nyuma yake majukwaa na reli, na kutoka hapo njia inagawanyika: moja inakwenda kusini-magharibi kupitia Yombo hadi nje ya mji, na nyingine inakwenda Kurasini na bandarini. Ni mpango wa mtu aliyefikiria safari ndefu: msafiri anafika mapema na mizigo yake, anasubiri, anapanda, analala humo siku mbili. Kwa kazi hiyo ni stesheni nzuri, na sitamruhusu mtu aicheke mbele yangu. Lakini ukiitazama vizuri utaona kwamba haikumtazamia mama wa Vingunguti anayetaka kwenda Kurasini asubuhi na kurudi jioni. Wala haikumtazamia mtu anayeshuka katika treni ya Tabora akitaka kupanda ya Mbeya. Kati ya stesheni na stesheni palikuwa na kilomita 6 za lami na jua, na kila mtu ajitafutie.

Hapa ndipo ninapotakiwa kutoa ushahidi dhidi ya nafsi yangu.

Mwaka 1989 nilikuwa mkuu wa chuo kimoja cha ualimu katika nyanda za juu za kusini. Barua za kujiunga na chuo nilikuwa naziandika mwenyewe, kisha karani anazipiga chapa. Maelezo ya safari yalikuwa mstari mmoja: "Panda treni katika stesheni ya Dar es Salaam, ushuke Mbeya." Niliona yanatosha. Miongoni mwa waliochaguliwa mwaka huo alikuwamo binti mmoja wa kutoka huku huku kaskazini ya Mafia. Nilifurahi kuliona jina la kwetu katika orodha, nikajisemea kwamba tutapata mwalimu wa kike wa kurudi kufundisha nyumbani.

Binti yule hakuwahi kuondoka kisiwani. Alivuka kwa jahazi, akashuka Dar es Salaam na sanduku la bati kichwani, akauliza watu stesheni iko wapi. Watu wakamwelekeza kwa wema, na walimwelekeza sawasawa, kwa maana aliuliza stesheni na walimpeleka Stesheni. Akakaa juu ya sanduku lake tangu asubuhi. Mchana ndipo alipomwonyesha mtu barua, akaambiwa kwamba treni za hapo zinakwenda Dodoma, Tabora, Kigoma na Mwanza. Ya Mbeya iko TAZARA. Alipofika TAZARA treni ilikwisha kuondoka, na nyingine ilikuwa siku kadhaa mbele. Alipata hifadhi kwa watu wa kwetu waliokaa Temeke, akaingia chuoni siku nne baada ya tarehe ya mwisho.

Sheria ilikuwa kwamba anayechelewa bila taarifa nafasi yake anapewa wa akiba. Ilikuwa imekwisha tolewa. Alisimama mbele ya meza yangu akanieleza yote, kisha akasema, "Mwalimu, mimi nilikwenda stesheni kama ulivyoandika." Nami nikamjibu maneno ambayo nimeyakumbuka kwa miaka mingi kuliko hotuba zangu zote: "Kila mtu anajua kwamba treni ya Mbeya iko TAZARA." Nikaandika juu ya barua yake kwamba amechelewa, nikatia saini, akarudi.

Kila mtu anajua. Hiyo ndiyo kauli ya kijana wa ndugu yangu, imevaa nguo nyingine. Anayejua njia hudhani njia inajieleza. Mimi nilikuwa nimepita stesheni ile tangu mwaka 1977, nilikuwa nimezoea, na mazoea yakanifanya kipofu. Sikukaa kitako kujiuliza: mji huu una stesheni mbili, kwa nini? Jina la Stesheni limekaa wapi? Mtu anayeshuka jahazini atafikia ipi kwanza? Kama ningekuwa nimejiuliza mambo hayo ambayo watu wanasema hayana faida, ningeandika neno moja zaidi, TAZARA, na Mafia ingekuwa na mwalimu. Binti yule sasa ni bibi. Anasuka mikeka, ana wajukuu, na tukikutana njiani ananiamkia, "Shikamoo Mwalimu." Sijui kama ana kinyongo. Mimi huitikia, lakini si kwa sauti kubwa.

Sasa nirudi kwa wapinzani wangu, kwa kuwa najua watasema: hilo ni kosa la mkuu wa chuo, si la stesheni. Nakubali, kosa ni langu. Lakini siko peke yangu, wala Dar es Salaam haiko peke yake. Ukifika mwisho wa reli ya TAZARA kule Zambia, utashuka New Kapiri Mposhi, na ukitaka kuendelea Lusaka kwa treni utalazimika kwenda stesheni nyingine, ya reli za Zambia, iliyo kiasi cha kilomita 2 kutoka hapo. Yaani reli moja, ncha mbili, na katika kila ncha msafiri anaachwa na mzigo wake kabla ya kufika kwa jirani. Na Kenya, walipofungua reli yao mpya mwaka 2017, stesheni ya Nairobi ikawekwa Syokimau, nje ya mji, na ya Mombasa ikawekwa Miritini, nje ya kisiwa. Stesheni za zamani, zile ambazo mtu wa mjini alizizoea, ziko kwingine. Jambo likitokea mara moja unaweza kuliita bahati mbaya. Likitokea katika nchi tatu, hilo ni fikra. Ni fikra ya mtu anayechora mstari mrefu juu ya ramani na kuisahau miguu ya mtu.

Watasema tena: ardhi ya kati ya mji haikuwapo, stesheni kubwa inahitaji uwanja, karakana, reli za kupanga mabehewa. Hiyo ni hoja ya haki na siipuuzi. Mwaka 1970 lilikuwa jambo la busara kwenda pembeni. Lakini pembeni haikai pembeni milele. Katika sensa ya mwaka 1978 mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 843,090. Katika sensa ya mwaka 2022 walikuwa 5,383,728. Mji umetoka mjini ukaifuata TAZARA, ukaipita, ukafika Gongo la Mboto, Pugu na Mbagala. Stesheni iliyowekwa mwisho wa mji sasa imo ndani ya mji. Mwaka 2018 pale mbele yake lilifunguliwa daraja la juu la Mfugale, ili magari yasikwame katika makutano yale. Hilo lenyewe ni ushahidi: mahali palipokuwa pembeni pamekuwa njia panda ya jiji. Basi siwalaumu walioijenga pale. Nawalaumu wanaoendelea kuitazama kana kwamba bado iko shamba.

Na wala haikuwa fikra mpya kwamba reli inaweza kumtumikia mtu wa kitongoji. Mwaka 1905, mwaka uleule Wajerumani walipoanza reli yao Dar es Salaam, Unguja ilifunguliwa reli ndogo iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani, yenye urefu wa maili 7, kutoka mjini kando ya Ngome Kongwe hadi Bububu. Haikwenda Kongo wala ziwani. Ilimchukua mtu wa Bububu ikamleta mjini, na jioni ikamrudisha. Reli hiyo ilikufa katika miaka ya 1920, magari yalipoongezeka. Lakini imetuachia fundisho kwamba maili 7 ni safari kamili, yenye abiria wake na haki yake, na kwamba stesheni ya mwisho inaweza kuwa kijiji cha watu, si bandari ya shehena tu.

Fundisho hilo tulilikumbuka baada ya karne nzima. Mwishoni mwa Oktoba 2012 zilianza treni za abiria za ndani ya Dar es Salaam. Moja ilitoka Stesheni hadi Ubungo Maziwa katika reli ya kati. Nyingine ilikwenda kati ya Mwakanga na Kurasini katika reli ya TAZARA. Watu wakaiita "treni ya Mwakyembe," kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo. Wiki mbili tu baadaye, tarehe 13 Novemba 2012, Kenya ilifungua stesheni ya Syokimau kwa ajili ya abiria wa kila siku wa Nairobi, ikiwa na uwanja wa kuegesha magari ili mtu aache gari lake apande treni. Mimi nilifurahi kuliko wengi. Reli ileile iliyopita nyuma ya nyumba za watu kwa miaka, ikiwapigia honi tu, sasa ilisimama na kuwaambia: pandeni. Hakuna reli mpya iliyojengwa. Kilichobadilika ni swali. Watu waliacha kuuliza "mzigo unakwenda wapi?" wakauliza "nani anakaa hapa?"

Wapo waliosema treni hizo hazina faida kwa hesabu ya tikiti. Jibu langu liko Ras Mkumbi. Hakuna anayesimama chini ya mnara wetu wa taa kukusanya nauli. Faida yake ni meli ambazo hazikupanda mwamba, na meli hizo hazimo katika daftari la mapato. Vivyo hivyo faida ya treni ya mjini ni mwanafunzi aliyewahi darasani, mgonjwa aliyefika zahanati, mama aliyefika sokoni kabla samaki hajaharibika. Anayetaka kupima stesheni ya kitongoji kwa masanduku ya fedha peke yake ni sawa na anayetaka kupima shule kwa bei ya madawati yake.

Kisha ikaja reli ya tatu. Tarehe 12 Aprili 2017 Rais Magufuli aliweka jiwe la msingi la reli ya kisasa pale Pugu, na mwezi Juni 2024 treni za umeme zikaanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na mwezi uliofuata hadi Dodoma. Upana wake ni milimita 1,435. Kwa hiyo jiji moja sasa lina reli za vipimo vitatu. Stesheni yake ni jengo la fahari, na jambo la kushukuriwa ni kwamba safari hii haikutupwa nje. Iko mjini, jirani na ile ya zamani. Nimepanda treni hiyo mwenyewe, nikaenda Dodoma na kurudi, na nilijiona kama kijana. Asije mtu akasema mzee huyu anachukia maendeleo.

Lakini kuna hatari katika uzuri, nayo ni kwamba unatufanya tudhani kazi imekwisha. Kioo kikingʼaa tunasahau kuuliza mtu anafikaje mlangoni. Msafiri wa Mafia siku hizi anavuka kutoka Kilindoni hadi Nyamisati, anapanda basi, anaingia mjini kwa Mbagala. Ana kapu la nazi, ana samaki wa kukausha, pengine ana mzazi mgonjwa. Akienda Mbeya aende TAZARA. Akienda Dodoma aende stesheni mpya. Akienda Kigoma aende ile ya zamani. Stesheni ni tatu, na kila moja ina tikiti yake, mlango wake na mpango wake. Anayejua atasema, "Kila mtu anajua." Nami nimekwisha sema neno hilo lilinifikisha wapi.

Ndiyo maana nasema historia ya stesheni si hadithi ya wazee wasio na kazi. Ukijua kwamba ya kwanza iliwekwa kwa ajili ya bandari, ya pili kwa ajili ya shaba na uhuru wa jirani, na ya tatu kwa ajili ya mwendo wa kasi wa kwenda makao makuu, utaelewa kwamba hakuna hata moja iliyowekwa kwa ajili ya nyingine. Kuunganika kwao hakutakuja kwenyewe. Ni lazima mtu akutake na akutengeneze.

Nataka nini basi? Sitaki makubwa. Nataka katika kila stesheni pawe na ubao mkubwa, kwa Kiswahili cha kusomeka, unaosema treni za hapa zinakwenda wapi na zisizo za hapa zinapatikana wapi na kwa basi gani. Nataka usafiri wa kudumu kati ya stesheni na stesheni, unaofuata ratiba ya treni badala ya kumsubiri abiria apate bahati. Nataka vituo vidogo vya treni ya mjini vihesabiwe kuwa stesheni kamili, viwe na kivuli, benchi, maji na choo, kwa sababu mzee wa Yombo anachoka sawasawa na msafiri wa Lusaka. Na nataka walimu, wenzangu, wawachukue watoto waende wakaichore stesheni iliyo karibu nao: mlango uko wapi, reli inaelekea wapi, nani aliijenga, alitaka nini, na nani anaitumia leo. Somo hilo halihitaji fedha. Linahitaji mwalimu anayeamini kwamba mahali tunapopita kila siku panastahili kuulizwa maswali.

Kwa upande wangu nimeanza na dogo ninaloliweza. Vijana wa huku wakipata nafasi vyuoni huniletea barua zao niwasomee. Mimi huzigeuza nyuma nikaandika kwa mkono: shuka Nyamisati, panda basi hili, teremka hapa, usiulize "stesheni," uliza kwa jina lake kamili, na kama treni imeondoka mpigie simu mkuu wa chuo siku hiyohiyo. Kijana wa ndugu yangu alinikuta siku moja nikifanya hivyo. Akasoma, akakaa kimya, kisha akasema, "Baba mkubwa, hapa umekosea. Basi hilo siku hizi halifiki pale." Akachukua kalamu akasahihisha.

Nilimshukuru. Tangu siku hiyo barua zote zinapita kwake pia.